Gia boksi nayo hupata homa

Ukurasa huu umezoea habari za homa za watoto. Leo nina homa ya gari linalowapeleka watoto hao shule na kliniki. Familia nyingi zina gari moja tu, la mtumba kutoka Japani, otomatiki, na siku gia boksi inapokufa pesa ya kuinunua nyingine hutoka palepale ilipowekwa ada.

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37, likifika 40 tunakimbilia zahanati. Gia boksi ya otomatiki nayo hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 80 hadi 90 hivi. Oili iliyomo ndani haipo kwa kulainisha tu. Ndiyo inayobana klachi ili gia ishike, na ndiyo inayobeba joto kulitoa nje. Wahandisi wana kanuni yao ya makadirio: kila joto linapopanda nyuzi 10 juu ya kawaida, umri wa oili hupungua karibu nusu. Ikipita 120 mara kwa mara oili huungua, mipira inayozuia kuvuja hukakamaa, na klachi huanza kuteleza.

Wengi hudhani wa kulaumiwa ni jua. Lakini jua la Dar es Salaam la Februari, nyuzi 32 mchana, peke yake haliwezi kupika kitu kilichozoea 80. Kazi kubwa hufanywa na foleni. Kati ya injini na gia boksi kuna kifaa ambacho mafundi hukiita toki konveta. Fikiria feni mbili zinazotazamana ndani ya oili: ya kwanza inazungushwa na injini, ya pili inazungushwa na oili inayosukumwa na ile ya kwanza. Barabara ikiwa nyeupe, zote huenda karibu sawa. Kwenye foleni ya Mbagala, unasogea mita tano unasimama, ya injini inazunguka huku nyenzake imeshikiliwa na breki. Nguvu hiyo inayopotea ndiyo joto.

Hapo sasa ndipo jua linapoingia. Kwenye magari mengi oili hiyo hupozwa kupitia rejeta, na rejeta hupozwa na upepo. Upepo ukiwa wa moto na gari halitembei, joto linakosa pa kwenda. Ongeza kiyoyozi, watu saba na mabegi ya likizo, kisha upande Kitonga.

Vitabu vya magari vina sehemu ya matumizi magumu: joto, foleni, vumbi, milima, mizigo, safari fupifupi. Anayetumia gari hivyo huambiwa abadilishe oili mapema zaidi. Kwetu hiyo ni Jumatatu ya kawaida, ila kitabu chenyewe kimeandikwa Kijapani na hakuna anayekifungua.

Badala yake tunamsikiliza fundi anayesema oili ya gia boksi haiguswi, ukiibadilisha gari linakufa. Kuna chembe ya ukweli: kama klachi zimeshalika, oili mpya haiwezi kuzifufua, na ubovu unaweza kuonekana baada ya kumwaga ile ya zamani. Lakini kuiacha kwa sababu hiyo ni sawa na kukataa kupima presha kwa kuogopa majibu. Mimi ningebadilisha kati ya kilomita 40,000 na 60,000, na mapema kuliko hapo ikiwa imekuwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua. Muhimu iwe aina iliyotajwa kwa gari lako. Magari mengi madogo yana gia boksi ya CVT, ambayo oili yake ni ya peke yake, na ukiweka ya otomatiki ya kawaida unaiua kwa mkono wako. Rejeta nayo itiwe kulanti, maana maji ya bomba huleta kutu.

Foleni ikisimama kabisa, weka N ukiwa umekanyaga breki. Kwenye mwinuko usilishikilie gari kwa mafuta, tumia breki.

Na likikuzidia njiani ukiwa na watoto, wao kwanza. Watoe nje, mbali na barabara, kivulini, wanywe maji. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko wewe. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka ipoe. Kama mshale wa joto la injini uko kawaida, acha injini ikiunguruma kwenye P ili oili izunguke ipoe; ukiwa umepanda, zima. Akija msamaria na kamba ya kulivuta, mshukuru lakini mwombe akutafutie gari la kubeba. Injini ikizimwa pampu ya oili haifanyi kazi, na matairi yanayoendesha gari yakiburuzwa chini, gia boksi inazunguka kavu.