Viungo Vinauma? Pima na Sukari

Unaikumbuka ile homa iliyotutandika Mombasa mwisho wa 2017 hadi 2018? Asubuhi mtu mzima, jioni hata kushika kikombe cha chai ni kazi. Jina lenyewe, chikungunya, ni la Kimakonde: kujikunja kwa maumivu. Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 2004 ilizuka Lamu, ikakadiriwa kupata watu watatu kati ya kila wanne, kisha ikatufikia.

Homa huisha kwa siku chache. Viungo ndivyo hubaki vikiuma, wengine wiki, wengine miaka. Mbona wewe upone, na jirani yako Kibokoni bado ashuke ngazi kwa kushikilia ukuta? Kirusi si jibu lote. Mwili nao una lake.

Mafuta ya mwilini hayakai bure. Hutoa homoni ya leptini, inayoambia ubongo kwamba umeshiba. Leptini hiyo hiyo huchochea kinga ya mwili, na uvimbe wa viungo huja kinga inapowaka. Mafuta yakizidi, leptini nayo huzidi. Isitoshe, ukiugua, mwili humwaga kotisoli, homoni inayopandisha sukari na kuifanya insulini ilemewe. Kwenye mlipuko wa kisiwa cha Réunion, 2005 na 2006, wenye kisukari walikuwa miongoni mwa waliougua vibaya zaidi.

Sasa tuambiane ukweli. Vijana tunadhani sukari ni ya wazee, huku viazi karai na soda ndiyo chakula cha jioni. Viungo vikikaza, tunakimbilia duka la dawa kununua vidonge vya steroidi bila kuandikiwa. Vinatuliza, ndiyo, lakini vinapandisha sukari na kushusha kinga. Hata ibuprofeni ngoja kwanza daktari ahakikishe si dengi, maana inaweza kuzidisha kutokwa damu.

Msimamo wetu: kila anayefika zahanati na maumivu ya viungo baada ya homa apimwe sukari. Ni tone moja la damu. Asipoambiwa, aulize.

Na kaunti itupe maji. Mji wa Kale tunajaza mitungi kwa sababu mfereji hauaminiki, na mbu wa chikungunya huzaa humo humo, tena huuma mchana. Neti ya usiku haitoshi. Leo ukifika nyumbani, funika mtungi.