Kipimo cha Jeraha la Chembe Kimfae Nani?

Mama wa Nguvumali, mjini Tanga, kabla ya kupeleka mahindi mashineni huchagua punje, akatupa zilizoingia ukungu. Afanya vyema, lakini jicho halitoshi. Joto na unyevu wa pwani huifaa sana kuvu iitwayo Aspergillus flavus, nayo hutoa sumu ya aflatoksini, isiyoonekana wala kunuka, na ambayo moto wa kupikia ugali hauimalizi.

Sumu hiyo ifikapo katika ini, vimeng'enya vya ini lenyewe huigeuza kuwa kitu kikali kinachojibandika kwenye DNA, ule uzi wa urithi uliomo ndani ya chembe hai, hasa mahali paitwapo guanini. Mwili nao haukai kimya: sehemu iliyoharibika hung'olewa, ikatoka kwa mkojo. Mtaalamu akiipima huko, hupata ushahidi wa jeraha lenyewe, si wa chakula tu. Mjini Shanghai watafiti walikusanya mikojo na damu ya wanaume 18,244, wakawafuatilia. Taarifa yao ya 1992 ilionyesha kwamba wenye alama za aflatoksini walipatwa na saratani ya ini zaidi kuliko wenzao. Na waliokuwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari yao ilikuwa kubwa mno.

Kwa sifa hiyo, wapo wanaotamani kila mgonjwa apimwe hivyo hospitalini. Hapo ndipo penye kosa. Alama ya mkojo husimulia ulaji wa siku moja au mbili tu. Aliyekula mahindi mabovu mwaka mzima, kisha juma hili akala wali, aweza kuonekana safi. Alama iliyoshikamana na albumini ya damu husimulia majuma kadhaa, nayo ni afadhali, ijapokuwa hiyo ni kivuli cha jeraha, si jeraha. Tena jeraha lililokwisha kutengenezwa si saratani. Daktari atamwambia nini mwenye alama nyingi? Dawa ya kuzifuta hana. Atakuwa amemtia hofu tu.

Kipimo hiki kingefaa zaidi kupimia mtaa kuliko mtu. Viwango vya Tanzania haviruhusu aflatoksini kuzidi mikrogramu 10 katika kilo ya mahindi, lakini mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ni heri damu ya kaya chache za Nguvumali ipimwe sasa, kisha ipimwe tena baada ya mwaka wa kula mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai na kuhifadhiwa makavu. Alama zikipungua, itajulikana kwamba kazi imefaa.

Ukavu wenyewe hauhitaji maabara kubwa. Mwalimu atie punje na chumvi iliyokauka vizuri katika chupa kavu, aifunike, aitikise, aiache kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo yarudishwe juani.