Ibadani Tunaimba au Tunaimbiwa?

Nilikuwa kimya kidogo, kazi za zamu zilinibana. Leo nina jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita na najua wapo watakaoninunia nikilisema. Acha waninunie, nami ni mmoja wa wanaosemwa.

Sisi Waswahili wa mji huu tuna ibada yetu mara mbili kwa mwezi. Wajerumani hutuachia kanisa lao saa nane mchana, wao wakiwa wameshamaliza asubuhi. Tuna kikundi cha sifa cha watu watano, kila mmoja na kipaza sauti chake, tuna spika mbili kubwa, na kinanda napiga mimi. Tukianza, hata madirisha yanatikisika. Nilikuwa najivunia sana.

Sasa akaja mama mmoja kutoka Bukoba kumtembelea binti yake. Jumapili tatu alikaa kiti cha pembeni, ametulia tuli, mdomo haufunguki. Nikadhani labda anaumwa. Ibada ilipokwisha nikamfuata.

"Mama, shikamoo. Mbona huimbi, au nyimbo zetu hazikupendezi?"

"Marahaba mwanangu. Zinapendeza. Ila hapa naimbiwa, siimbi. Nikifungua mdomo hata mimi mwenyewe sijisikii."

Jamani, maneno hayo yaliniingia. Jumapili iliyofuata nikapiga kinanda huku nikiwaangalia watu. Wengi walikuwa wamesimama wanatutazama. Wengine walipiga makofi mawili matatu wakaacha. Tulikuwa tumefanya ibada kuwa onyesho, na wenye ibada tumewafanya watazamaji.

Nikakumbuka Pasaka yangu ya kwanza hapa. Nilikwenda ibada ya asubuhi ya Wajerumani, wazee watupu, kinanda cha bomba kinanguruma polepole. Moyoni nikasema hawa wamelala. Mara ikatajwa namba 116 katika kitabu chao cha nyimbo. Kinanda kikaanza, nikashtuka, sauti hii naijua! Ilikuwa ni "Mfurahini, Haleluya", wimbo ambao Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa kwetu Tanzania, aliuandika mwaka 1966. Kitabu chenyewe kimeandika kwamba sauti yake imetoka Tanzania. Waliimba kwa Kijerumani, taratibu mno kuliko sisi, hakuna ngoma wala makofi. Lakini waliimba wote. Babu aliyekuwa pembeni yangu, sauti inatetemeka, hakuruka hata ubeti mmoja. Mimi nililia pale, na sioni aibu kusema.

Ndiyo maana nasema ugomvi wetu wa kila siku, ngoma au kinanda, tenzi au mapambio, tumeushika kwa mkia. Watu wamegombania vyombo tangu zamani. Zwingli wa Zürich, ambaye mwenyewe alikuwa fundi wa ala nyingi, aliondoa kuimba ibadani miaka ya 1520. Wakati huohuo Luther alikuwa anawapa watu nyimbo kwa Kijerumani chao ili waimbe wao wenyewe, na mwaka 1524 vitabu vya nyimbo hizo vikaanza kutoka. Kwa Wakatoliki, Papa Pius wa 10 alikataza piano na ngoma kanisani mwaka 1903. Halafu mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano ukasema muziki wa asili wa watu upewe nafasi yake katika ibada. Leo nenda parokia yoyote kwetu uone kama utakosa ngoma! Kilichokatazwa jana leo ni cha kawaida. Kwa hiyo chombo peke yake hakituambii kama ibada ni njema. Zaburi ya 150 inataja tarumbeta, vinubi, matari na matoazi, na inamalizia kwa kutaka kila chenye pumzi kisifu. Spika haina pumzi, yule mama anayo.

Kwa mtazamo wangu, kipimo ni kimoja: je, waumini wanaimba, na wanaelewa wanachoimba? Muziki ukiwasaidia kuimba uko mahali pake. Ukiwanyamazisha umepotea njia, hata ukiwa mtamu namna gani. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba kila kinachofanyika wanapokutana kiwajenge watu wote. Hakusema kiwafurahishe wapigaji.

Rafiki yangu mmoja ananipinga. Anasema vijana waliozaliwa huku bila mdundo hawaji. Nakubali, mdundo una kazi yake, na sitaki tuwe kama makaburini. Lakini vijana hao hao hawajui hata wimbo mmoja wa kuimba bila umeme. Siku wakiwa kando ya kitanda cha mzazi hospitalini, wataimba nini? Watabeba spika?

Nimependekeza jambo dogo tu. Kwenye kila ibada nyimbo mbili ziimbwe bila kinanda wala vipaza sauti, na zilizobaki tupunguze sauti mpaka mtu amsikie jirani yake. Tumejaribu mara moja. Wimbo wa kwanza ulipwaya kweli, kila mtu na ufunguo wake. Wa pili, yule mama akaanzisha sauti ya pili kutoka pembeni, wanawake wakamfuata, na wale watoto wakageuka kumtazama midomo wazi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya kinanda changu, mikono mapajani.

Kiongozi wa kikundi cha sifa hajanisalimia tangu siku hiyo. Mama anarudi Bukoba wiki ijayo, na sijui kama hizo nyimbo mbili zitadumu akiondoka. Nyie huko mliko, kwenu mnaimba au mnaimbiwa?