Udongo Hautibiwi kwa Kuuawa

Wako wakulima wa maua, na baadhi yao ni watu wenye elimu, washikiliao kwamba dawa ya minyoo ya mizizi ni sumu kali, na kwamba mengine yote ni porojo. Husema, "Dawa ya moto ni moto." Nasema rai hiyo ni potofu, na hasara yake hulipwa na watu wasiokuwamo katika faida.

Kwanza tumjue adui. Minyoo fundo, ambao wataalamu huwaita Meloidogyne, hawaonekani wakiwa udongoni. Mchanga wao hazidi nusu milimita. Huingia mzizini, nao mzizi ukavimba vifundo. Mkulima huona mwaridi umenyauka, akadhani una kiu. Berkeley aliviandika vifundo hivyo katika mizizi ya matango huko Uingereza mwaka 1855. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai, na katika udongo wenye joto kizazi hutimia kwa muda wa kama mwezi mmoja.

Sumu imekwisha kujaribiwa. Kwa miaka mingi gesi ya methili bromidi ilitiwa ardhini, hata katika mashamba ya maua ya Kenya. Iliua minyoo, ikaua na walinzi wa udongo pamoja nao. Tena ilipanda angani ikaharibu tabaka la ozoni, hata mataifa yakaamua kuiondoa mashambani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Nchi zinazoendelea zilipewa muda mpaka 2015. Na minyoo je? Wangali wapo. Waliojificha chini sana, na waliokuja na miche michafu, walirudi katika nyumba isiyo na bawabu.

Bawabu hao ni akina nani? Uko ukungu uitwao Purpureocillium lilacinum, ambao hula mayai ya minyoo. Wako bakteria waitwao Pasteuria penetrans, ambao mbegu zao hunata juu ya mnyoo mchanga, kisha hukua ndani yake hata jike akakosa mayai. Mashudu ya mwarobaini nayo husaidia.

Watasema, viumbe hawa ni wazito wa kazi. Ni kweli, wala siwaiti miujiza. Wataka unyevu, mboji na miche safi; wataka kutiwa mapema na kurudiwa; wala mkulima asiwaue mwenyewe kwa dawa ya kuua ukungu. Lakini subira hiyo huacha udongo ulio hai, na haraka ya sumu huacha udongo maiti.

Watasema tena, ua haliliwi, basi sumu ya nini kuogopwa? Neno hili ndilo baya kuliko yote. Ua haliliwi, lakini hupandwa na kukatwa kwa mkono wa mtu. Mashamba ya Naivasha yamelizunguka ziwa ambalo watu huvua samaki. Je, mkono ule na samaki yule si kitu, kwa kuwa mnunuzi wa waridi yuko Ulaya?

Enyi vijana, siku mtakapokabidhiwa shamba, ng'oeni kwanza mche ulionyauka mkautazame mzizi wake. Atibuye asichokijua ni mwuaji, hata akiwa na nia njema.