King'ora Kikinyamaza, Nani Anaokoa Waokoaji?

Manze, mara ya mwisho ulipita kwa ajali pale Thika Road ulifanya nini? Usidanganye. Ulitoa simu, ukarekodi, ukatuma kwa grupu ya WhatsApp, watu wakaandika "woiye", stori ikaisha. Sasa mfikirie yule msee wa ambulensi mwenye anaonekana kwa hiyo video yako, amepiga magoti kwa lami, mikono imejaa damu. Wewe ukichoka kuangalia unazima simu. Yeye atazima nini?

Hii Kenya yetu imeona mengi. 7 Agosti 1998, bomu ilipolipuka kwa ubalozi wa Marekani, zaidi ya watu 200 walikufa hapa Nairobi. Westgate 2013, 67. Chuo Kikuu cha Garissa 2015, 148. Shakahola 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni. Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, vijana 21 waliangamia kwa moto wa bweni. Hizo namba unazijua. Lakini kila mwili kati ya hiyo ulibebwa na mtu, na huyo mtu alirudi home jioni akaulizwa atakula nini.

Kukitokea janga kubwa, angalau hema la ushauri nasaha hupigwa. Red Cross hufika, makaunsela hufika, kamera pia. Shida ni kwamba hema hukunjwa, na kazi inaendelea. Tena mara mingi si janga kubwa ndilo humaliza mtu. Ni zile za kila wiki zenye hazifikangi kwa habari: mtoto amezama, matatu imebingirika, nyumba za mabati zimeshika moto usiku. Inajikusanya kama deni ya Fuliza. Kidogo leo, kidogo kesho, halafu siku moja unaangalia salio unashtuka.

Dalili zenyewe si siri. Usingizi unapotea. Harufu ya nyama choma inakurudisha kwa ile nyumba iliyoungua. Unakuwa mkali kwa watoto bila sababu, ama hausikii kitu kabisa, hata ukiwa matanga. Wengine wanatafuta dawa kwa chupa. Si wazimu na si uoga. Ni akili imebebeshwa mzigo na haijapewa mahali pa kuutua.

Mbona basi hawasemi? Kwanza, tumelelewa na ile "kaza, wewe ni mwanaume". Pili, anaogopa kazi. Polisi anajua akisema kichwa hakiko sawa, anaweza kunyang'anywa bunduki na kuonekana bure. Na hadi Januari 2025, mtu akijaribu kujiua alikuwa anahesabiwa mhalifu, kifungo hadi miaka miwili, mpaka Mahakama Kuu ikasema hicho kifungu cha 226 kinakiuka katiba. Nani angefungua roho kwa bosi wakati jela iko kwa meza?

Kuna wenye watasema basi walazimishwe tu wote kuketi na kaunsela siku ya tukio. Pole pole. Shirika la Afya Duniani, WHO, halipendekezi kikao kimoja cha kumfanya mtu asimulie yote moto ukiwa bado moto. Kile kinasaidia ni tiba ya mazungumzo na mtaalamu, wiki baada ya wiki, kwa mwenye dalili zimekataa kuisha. Kwa hivyo cha maana ni mpango wa kudumu: kila mtu wa shifti anaangaliwa mara kwa mara, hata mwenye anasema ako fiti, na anachosema hakifiki kwa bosi. Wote wakienda, hakuna wa kuchekwa. Ambulensi yenyewe hupelekwa gereji kabla haijaharibika. Mwenye anaiendesha je?

Na usilaumu Nairobi peke yake. Katiba ya 2010 ilipeana ambulensi na kuzima moto kwa kaunti. Hiyo ni gavana wako. Bajeti ikisomwa, uliza pesa za gari ni ngapi, kisha uliza za kaunsela ziko wapi.

Halafu kuna wale hawana bosi wa kuulizwa. Mtu wa boda aliyefika wa kwanza. Mayut waliobeba wenzao waliopigwa risasi Juni 2024. Pengine ni wewe, na hujawahi kuambia mtu. Laini ya Red Cross ni 1199, haulipi kitu.

Na kama ni beshte yako anafanya hii kazi, wacha kumuuliza aliona nini. Muulize kama amelala. Halafu nyamaza, umsikize.