Nasaba ya Walenape na Kumbukumbu Zinazokinzana

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Hawakutuambia, hata hivyo, afanyeje mtu ambaye asili yake imeandikwa na watu baki, tena kwa njia tatu au nne zisizopatana. Hilo ndilo swali linalowakabili wazawa wa Walenape wa Marekani wanapojaribu kuufuatilia ukoo wao hadi karne ya kumi na nane. Makala haya yanashikilia kwamba kumbukumbu zinazokinzana hazifai kutendewa kama mashahidi mahakamani, mmoja akaaminiwa na wengine wakafukuzwa. Zinafaa kusomwa kama matini, kila moja na mwandishi wake, hadhira yake na haja iliyoizaa. Kazi hiyo ni ya msomi wa lugha na fasihi sawa na ilivyo ya mwanahistoria, na ndiyo sababu naileta mbele ya wasomaji wa jarida hili.

Walenape, ambao Waingereza waliwaita Wadelaware kutokana na mto uliopewa jina la Lord De La Warr, gavana wa Virginia, ni wenyeji asilia wa nchi ambayo leo ni New Jersey, mashariki mwa Pennsylvania, kaskazini mwa Delaware na kusini-mashariki mwa New York. Lugha zao ni Kimunsee na Kiunami. Walowezi waliwasukuma magharibi hatua kwa hatua: Ohio, Indiana, Missouri, Kansas na hatimaye Oklahoma. Wengine waliishia Ontario nchini Kanada, wengine Wisconsin, na wengine hawakuondoka kwao kamwe. Kila kituo cha safari hiyo kiliacha karatasi zake: hati za ardhi za Kiingereza, madaftari ya ubatizo ya Kijerumani, orodha za malipo za serikali na fomu za sensa. Mwenye kutafuta babu yake hana budi kupita katika karatasi zote hizo.

Kikwazo cha kwanza ni majina. Chukua mfano wa Teedyuscung, kiongozi aliyevuma katika mabaraza ya amani ya Pennsylvania katika miaka ya 1750. Walowezi waliomfahamu ujanani walimwita Honest John. Mwaka 1750 wamishenari wa Moravian, kanisa lile lile lililofungua kazi yake Rungwe, Tanganyika, mwaka 1891, walimbatiza na kumwandika Gideon. Babake alijulikana kwa walowezi kama Captain Harris, ilhali miongoni mwa ndugu zake alikuwamo aliyeitwa Captain John na wengine waliobeba jina la Evans. Mtafiti anayefuata jina la ukoo kwa desturi ya Kizungu atahesabu familia tatu au nne mahali palipokuwa na familia moja. Kinyume chake nacho hutokea. Kiongozi White Eyes, aliyekuwa miongoni mwa waliotia saini mkataba wa Fort Pitt mwaka 1778, alikuwa na mwana aliyeitwa George Morgan White Eyes. Jina hilo halitokani na damu hata kidogo. Ni la George Morgan, wakala wa Bunge la Marekani na rafiki wa babake. Morgan huyo huyo ndiye aliyeandika miaka kadhaa baadaye kwamba White Eyes aliuawa, ingawa taarifa rasmi ya mwaka 1778 ilidai kuwa alifariki kwa ndui. Kwa hiyo mjukuu anayeuliza babu alikufaje anapata majibu mawili, na la kwanza lilitolewa na upande uliokuwa na sababu ya kuficha la pili.

Kikwazo cha pili kimo katika maana ya undugu. Walenape walihesabu nasaba ya kukeni. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mamake, ama Kobe, ama Mbwa Mwitu, ama Bata Mzinga. Uongozi haukumwendea mwana wa mkuu bali aghalabu ndugu yake au mwana wa dada yake. Karani wa Kizungu alitoka katika jamii iliyohesabu kuumeni, hivyo aliuliza jina la baba na kuliandika. Matokeo yake ni kwamba mstari ambao Walenape wenyewe waliuona kuwa uti wa mgongo wa ukoo ndio ulioachwa bila maandishi, na ule usiorithisha cheo ndio uliohifadhiwa kwa uangalifu.

Isitoshe, istilahi za undugu zilikuwa pia lugha ya siasa. Mataifa jirani yaliyozungumza lugha za jamii moja na ya Walenape yaliwaita Walenape "babu" kwa heshima. Wairoquois, kwa upande wao, waliwaita "wapwa", na hata "wanawake", walipotaka kuonyesha kuwa wao ndio wakubwa. Katika baraza la Philadelphia la mwaka 1742, msemaji wao Canassatego aliitumia lugha hiyo kuwaamuru Walenape waihame ardhi yao. Asomaye kumbukumbu za mabaraza hayo na kulichukua kila neno la undugu kama ushahidi wa damu atapotoka vibaya. Sisi tunaoitana mjomba na ndugu barabarani bila kuulizana majina ya mababu hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Kikwazo cha tatu ndicho kizito zaidi, kwa kuwa matokeo yake yanaonekana hadi leo. Kuanzia sensa ya kwanza ya Marekani ya mwaka 1790 hadi ile ya 1850, fomu haikuwa na nafasi ya mwenyeji asilia. Mlenape aliyeishi miongoni mwa walowezi wa New Jersey iliwabidi makarani wamwandike mweupe, au mweusi huru, au chotara, kila mmoja jinsi jicho lake lilivyomwona. Uamuzi ulibaki mikononi mwa karani hadi karibu na sensa ya 1960. Basi si ajabu familia moja kuitwa hivi katika muongo mmoja na vile katika mwingine bila mtu yeyote kubadilika ila karani.

Wanaoujua uchungu wa jambo hili ni Waramapough, jamii inayoishi kwenye milima ya mpaka wa New Jersey na New York. Mwaka 1974 David Steven Cohen alichapisha kitabu kuhusu nasaba yao ambamo, kwa kufuata hati za ardhi, za kanisa na za sensa, alihitimisha kuwa wazee wao walikuwa Waafrika huru waliochanganyika na Waholanzi. Wenyewe walishikilia simulizi ya kuwa ni Walenape. Jimbo la New Jersey liliwatambua mwaka 1980, lakini Serikali ya Shirikisho ikawanyima utambuzi katika miaka ya 1990, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba hawakuthibitisha kwa hati kuwa walitokana na kabila la wenyeji asilia linalojulikana katika historia. Naonelea kuwa hoja hiyo ina kasoro ya kimantiki. Hati zilizotakiwa ni zile zile ambazo fomu zake hazikumruhusu Mlenape kuandikwa Mlenape. Kunyamaza kwa fomu isiyo na nafasi ya jibu hakuwezi kugeuzwa kuwa jibu. Wala asili ya Kiafrika haifuti ya Kilenape, maana mtu hana babu mmoja.

Hata kwa wale waliohamia Oklahoma, ambao hakuna aliyewatilia shaka kuwa ni Walenape, karatasi imekuwa mlango wa kuingilia na kutokea. Mwaka 1867 watu 985 waliorodheshwa ili wahamie nchi ya Wacherokee. Leo uraia katika taifa lao hufuata uzawa kutoka kwa walioandikwa katika orodha ya malipo ya mwaka 1906. Taifa hilo lenyewe liliondolewa katika orodha ya mataifa yanayotambuliwa mwaka 1979, likarejeshwa 1996, likaondolewa tena katikati ya miaka ya 2000, na kurejeshwa mwaka 2009. Watu walikuwa wale wale muda wote huo.

Huenda msomaji akauliza: je, basi tuzitupe hati na kuamini simulizi peke yake? La, hasha. Mwaka 1836 Constantine Rafinesque alichapisha Walam Olum, akidai kuwa ni kumbukumbu ya kale ya Walenape iliyochorwa kwa alama, yenye orodha ndefu ya wakuu wao tangu kuumbwa kwa dunia. Wasomi wakubwa waliiamini, na baadhi ya Walenape wenyewe waliipokea kwa furaha, kwani nani asiyependa kupewa mababu? Katika miaka ya 1990 David Oestreicher alionyesha kuwa ni ghushi. Hakuhitaji kufukua makaburi. Aliisoma miswada, akaona kwamba matini ya Kilenape ilikuwa imetafsiriwa kutoka Kiingereza kwa msaada wa orodha za maneno zilizokusanywa na wamishenari. Isimu ndiyo iliyomwumbua mwongo. Kwa hiyo simulizi inastahili maswali yale yale tunayoiuliza hati: nani anasema, kwa nani, na kwa haja gani?

Maswali hayo si mageni kwetu. Orodha ya wafalme wa Kilwa aliyoichapisha Mreno João de Barros mwaka 1552 hailingani na ile ya mswada wa Kiarabu uliohifadhiwa London, na matoleo kadhaa ya Habari za Pate yanamrejelea msimulizi mmoja, Bwana Kitini, na bado yanatofautiana. Aghalabu tumeziachia idara za historia kazi ya kuamua ipi ni sahihi, nasi tukabaki na tenzi. Kwa maoni yangu huko ni kuikimbia kazi iliyo yetu. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada anaweza kulinganisha matoleo hayo neno kwa neno, akapambanua ni wapi mwandishi alimtukuza mlipaji wake, ni wapi alimsahau mama wa mtawala, na ni wapi neno la undugu lilikuwa neno la siasa. Yaliyowapata Waramapough yanatuonyesha kuwa usomaji wa namna hiyo si anasa ya darasani, kwani palipokosekana wa kuusimamia, watu hai waliambiwa kuwa hawana wazee.