Waya Unaobaki Kwenye Boksi

Tuache kudanganyana. Seva iliyochomekwa kwenye UPS bila kusanidiwa haina ulinzi, ina muhula tu. Umeme ukikatika itaendelea kufanya kazi bila habari, betri itakwisha, nayo itazimika ghafla vilevile kama ambavyo ingezimika bila UPS. Kilichoongezeka ni risiti ya manunuzi.

UPS si jenereta ndogo. Kazi yake ni kuipa seva dakika za kufunga hesabu: hifadhidata iandike kwenye diski kilichobaki, mafaili yafungwe, mashine izime kwa utaratibu. Lakini seva haijui kwamba umeme umekatika mpaka iambiwe. Inaambiwa kupitia waya mwembamba wa USB, ule ambao wengi huuacha kwenye boksi, na programu ya bure kama NUT au apcupsd.

Hata waya ukichomekwa, kazi haijaisha. Apcupsd isipobadilishwa husubiri betri ibaki na asilimia 5, au dakika 3, ndipo iamuru seva izime. Ikiwa hifadhidata yako huhitaji dakika 4 kujifunga, umeshapanga ajali. Tena hizo dakika 3 ni makadirio. Betri nyingi za UPS huchoka ndani ya miaka 3 hadi 5, na betri iliyochoka haikawii kusema uongo.

Nitajibiwa: "Jenereta ipo." Ilikuwepo pia Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu Kenya nzima. Iliyotegemewa na baadhi ya majengo ya abiria iligoma kuwaka, na watu wakakaa gizani. Kuwa na kifaa ni jambo moja. Kifaa kuitika kinapoitwa ni jambo jingine. Njia ya kujua ni moja: weka nakala ya data, tangaza siku, chomoa UPS ukutani, kisha tazama.

Sisi wa shahada ya uzamili tunahifadhi humo mahojiano ya miezi mingi, sauti za wazee ambao wengine hatutawakuta tena. Taasisi inayoweza kuitisha vikao vya kununua UPS haishindwi kumpa fundi wake nusu siku ya kuisanidi na kuijaribu. Isipofanya hivyo, isituambie data zetu ziko salama.